Maswali ya Sarufi Yenye Mitego katika KCSE: Mwongozo kwa Mtahiniwa Anayefanya Kazi, Garissa na Kaskazini Mashariki

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikiwa mtu mzima aliyeamua kurudi kwenye dawati bila kuacha kazi. Pengine una duka Garissa mjini, unahudumu katika zahanati ya Balambala, unalinda ghala la shirika kambini Dadaab, unaendesha lori la Wajir au unauza maziwa ya ngamia sokoni. Umejisajili, au unataka kujisajili, kuwa mtahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, na Kiswahili ndilo somo linalokutia wasiwasi.

Wasiwasi huo una sababu. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule nyingi zilibaki na madarasa yaliyojaa wanafunzi huku masomo kadhaa yakikosa wa kuyafundisha. Kama ulikuwa shuleni miaka hiyo, huenda mada nzima za sarufi zilikupita bila mtu kuziandika ubaoni. Hukuzaliwa na ulimi mzito. Ulikosa mafunzo, na mafunzo hufidiwa.

Alama ya somo hili ina uzito. Shahada ya chuo kikuu huhitaji wastani wa C+, na kozi za uuguzi za KMTC hutazama pia alama ya lugha, iwe Kiingereza au Kiswahili. Muda nao unasonga. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023 na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Ukiwa na nia, uliza habari za usajili mapema mwakani katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako.

2. Karatasi yenyewe

Kiswahili kina karatasi tatu: 102/1 ya insha, 102/2 ya lugha na 102/3 ya fasihi. Mwongozo huu unahusu 102/2, ambayo huchukua saa mbili na nusu na kubeba alama 80. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10.

Nusu ya karatasi, basi, ni sarufi. Ukigawa dakika 150 kwa alama 80, kila alama inapata chini kidogo ya dakika mbili, na sehemu ya sarufi inapata dakika 75. Jizoeze kuimaliza kwa dakika 65 ili kumi zilizobaki ziwe za kukagua. Swali la alama mbili likikumeza dakika nane, limekula haki ya swali jingine zima kama hilo. Liache, weka alama pembeni, urudi baadaye.

3. Kiswahili cha sokoni na Kiswahili cha karatasi

Kiswahili unacho. Unapatana bei, unaandika risiti, unajibu simu za Nairobi. Ila sokoni mtu akisema "ngamia yangu imepotea" au "duka yangu iko karibu na daraja", anaeleweka na mazungumzo yanaendelea. Karatasi ya mtihani haitafuti kukuelewa. Inatazama kama umefuata kanuni. Inataka "ngamia wangu amepotea" na "duka langu liko karibu na daraja."

Anayezungumza Kisomali nyumbani asidhani kwamba upatanisho ni jambo geni kwake. Kisomali kinagawa nomino katika jinsia mbili, na jinsia hiyo hubadilisha viambishi vinavyofuata. Utasema "ninka" kwa mwanamume lakini "naagta" kwa mwanamke. Nyumba yangu ni "aqalkayga" na mkono wangu ni "gacantayda". Ukichanganya "k" na "t" hapo, hata mtoto wa duksi atakucheka. Tofauti ni kwamba Kisomali kina makundi mawili, na Kiswahili kina ngeli zaidi ya kumi. Desturi ya kupatanisha unayo tayari. Kilichobaki ni kuongeza makundi.

4. Hatua nne kwa kila swali

Alama nyingi za sarufi hupotea kwa watu wanaojua jibu lakini wanalifikisha nusu ya njia. Hatua hizi nne ni za kumfikisha mtahiniwa mwisho.

Kwanza, pigia mstari neno la amri. "Taja" hutaka jina tu. "Eleza" hutaka sababu au maana. "Tofautisha" hutaka pande zote mbili; ukieleza upande mmoja umepata nusu. "Bainisha" hutaka uonyeshe kipengele ndani ya sentensi uliyopewa. "Tunga" hutaka sentensi yako mwenyewe, iliyo kamili na yenye maana.

Pili, hesabu mambo unayodaiwa. Chukua swali hili: "Tunga sentensi yenye kiima, shamirisho kipozi, shamirisho kitondo na ala." Andika pembeni 1, 2, 3, 4, kisha tunga: "Mchungaji alimchinjia mgeni mbuzi kwa kisu." Kiima ni mchungaji, kipozi ni mbuzi anayechinjwa, kitondo ni mgeni anayechinjiwa, ala ni kisu. Futa namba moja moja unapoipata. Namba iliyobaki bila kufutwa ni alama unayoiacha mezani.

Tatu, fanya badiliko moja kwa wakati mmoja. Swali likidai wingi na ukanushi, andika wingi kwanza, kisha ukanushe. Anayefanya yote kwa pamoja kichwani huacha kimoja njiani.

Nne, fuata mnyororo hadi mwisho. Mfugaji anayehama hufunga ngamia wa mizigo kamba, mmoja nyuma ya mwingine. Ngamia wa mbele akikata kona, wote hukata kona. Anayeendelea kwenda moja kwa moja ataikata kamba. Nomino ndiyo ngamia wa mbele. Ukiibadilisha, kivumishi, kimilikishi, kiashiria, kirejeshi na kitenzi vyote vinageuka. Kabla ya kuhamia swali jingine, pitisha kidole juu ya sentensi neno kwa neno na uulize kila moja: wewe umegeuka?

5. Mitego inayorudi kila mara

(a) Umoja na wingi

Swali: Andika katika wingi: "Waraka uliotumwa na karani umepotea."

Jibu: "Nyaraka zilizotumwa na makarani zimepotea."

Waraka uko katika ngeli ya U-ZI, kama ufunguo, ukuta na wakati. Maofisini tunasikia "nyaraka hii", na sikio likizoea, mkono nao huandika. Sema "waraka huu, nyaraka hizi". Angalia pia karani: anayeandika "zilizotumwa na karani" amemwacha ngamia mmoja nyuma.

Jihadhari na majina ya viumbe yanayofanana na ngeli nyingine. Kiongozi, kifaru na kiboko huanza na "ki-" lakini hufuata A-WA: kiongozi amefika, viongozi wamefika. Ngamia, mbuzi na ng'ombe hawabadiliki umbo katika wingi, kwa hiyo upatanisho ndio pekee unaoonyesha idadi: mbuzi wangu ameuzwa, mbuzi wangu wameuzwa.

(b) Ukubwa na udogo

Swali: Andika katika ukubwa: "Mzee amefunga mlango wa nyumba yake."

Jibu: "Zee limefunga lango la jumba lake."

Kosa la kawaida ni "Zee amefunga lango la jumba yake." Aliyeandika hivyo amejua maneno magumu matatu, zee, lango na jumba, kisha akapoteza alama kwa viambishi vyepesi viwili. Katika ukubwa binadamu huacha A-WA na kuingia LI-YA, katika udogo huingia KI-VI: "Kizee kimefunga kilango cha kijumba chake." Ukiombwa wingi wa ukubwa, andika: "Mazee yamefunga malango ya majumba yao."

(c) Kauli za vitenzi

Hapa mfanyabiashara ana faida, kwa maana dukani kitenzi "lipa" hunyambuliwa tangu asubuhi hadi jioni.

Mteja analipa deni: kauli ya kutenda. Deni linalipwa: kutendwa. Kaka yake anamlipia: kutendea. Yeye analipiwa na kaka yake: kutendewa. Chifu anamlipisha mkaidi: kutendesha. Mkaidi analipishwa: kutendeshwa. Deni dogo linalipika: kutendeka. Jamaa wanalipiana ada: kutendeana.

Mtego mkubwa uko kati ya kutendwa na kutendewa. Jiulize nani amekuwa kiima. "Ada ililipwa" ina kitu kilichotolewa. "Mtahiniwa alilipiwa ada na mwajiri wake" ina mtu aliyefaidika. Kwa vitenzi visivyoishia "-a", kama "sajili", umbo "sajiliwa" huweza kubeba kauli zote mbili, na hapo sentensi yako ndiyo itakayoonyesha tofauti.

Vitenzi vya silabi moja huwababaisha wengi kwa sababu shina lake ni dogo mno. Kariri vichache kwa sentensi, usikariri kwa orodha. Chakula kililiwa. Mama alimlisha mtoto. Jirani alifiwa na mkewe. Ngamia walinyweshwa maji ya Tana.

(d) O-rejeshi

Swali: Unganisha kwa kutumia o-rejeshi: "Karani alipokea fomu. Fomu zilijazwa vizuri."

Jibu: "Karani alipokea fomu zilizojazwa vizuri."

Kosa linaloenea hata katika barua za ofisi ni kurejesha mara mbili: "fomu ambazo zilizojazwa". Chagua njia moja. Ukitumia "amba-", kitenzi kibaki bila kirejeshi: "fomu ambazo zilijazwa". Ukiweka kirejeshi ndani ya kitenzi, "amba-" iondoke. Ukanushi una tofauti yake: "ambazo hazikujazwa" huonyesha wakati uliopita, ilhali "zisizojazwa" haionyeshi wakati wowote.

(e) Usemi halisi na usemi wa taarifa

Swali: Andika katika usemi wa taarifa: "Nyaraka zenu zitakaguliwa hapa kesho," msimamizi aliwaambia watahiniwa.

Jibu: Msimamizi aliwaambia watahiniwa kwamba nyaraka zao zingekaguliwa hapo siku iliyofuata.

Hesabu mabadiliko. Alama za usemi zimeondoka. "Kwamba" imeingia. "Zenu" imekuwa "zao". "Zitakaguliwa" imekuwa "zingekaguliwa". "Hapa" imekuwa "hapo". "Kesho" imekuwa "siku iliyofuata". Ni mabadiliko sita katika sentensi ambayo wengi huibadilisha mara tatu tu. Msemaji anayeleta habari amesimama mahali pengine na siku nyingine, na kila neno linaloonyesha mahali, siku au mtu lazima limfuate alipo.

(f) Masharti na ukanushi

"Ukilipa ada utasajiliwa" hukanushwa "Usipolipa ada hutasajiliwa." Pande zote mbili zinakanushwa, na "-ki-" inakuwa "-sipo-". Katika "-nge-" na "-ngali-", kosa ni kuchanganya: "Angefika mapema angalipata kiti." Ulichoanza nacho ndicho umalizie nacho: "Angefika mapema angepata kiti", na ukanushi wake "Asingefika mapema asingepata kiti."

(g) Neno lenye kazi nyingi

Swali: Eleza maana mbili za sentensi: "Tuliitwa na Halima."

Jibu: (i) Halima ndiye aliyetuita. (ii) Sisi pamoja na Halima tuliitwa na mtu mwingine.

Utata umejificha ndani ya "na". Katika maana ya kwanza inamtaja mtenda, katika ya pili inaunganisha. Usiandike maana moja mara mbili kwa maneno tofauti. Hakikisha anayeita amebadilika. Vijineno "na", "kwa", "ki" na "po" huulizwa kwa njia hii mwaka baada ya mwaka. Viandikie kila kimoja ukurasa wake katika daftari, uongeze mfano kila unapokutana nacho.

(h) Uchanganuzi wa sentensi

Soma kwanza umeombwa njia gani: matawi, jedwali au mishale. Mchoro sahihi wa njia ambayo hukuombwa hautakusaidia.

Chukua: "Karani amenunua daftari kubwa sokoni." Kwa mishale, sentensi (S) hugawika kikundi nomino (KN) na kikundi tenzi (KT): S → KN + KT. KN → N (karani). KT → T (amenunua) + KN + E (sokoni). KN ya pili → N (daftari) + V (kubwa). Wengi hulitupa "sokoni" kwenye nomino kwa kuwa "soko" ni nomino. Kiambishi "-ni" kimelifanya kielezi cha mahali.

Sasa: "Mchungaji aliyevuka daraja amefika sokoni." Hapa KN → N (mchungaji) + S (aliyevuka daraja), kwa sababu kishazi tegemezi kinamweleza mchungaji. Kitenzi kikuu ni "amefika". Ukikosea kitenzi kikuu, mchoro wote umeanguka. Basi kitafute kwanza kabla ya kuchora mstari wowote. Kitenzi chenye kirejeshi hakiwezi kuwa kikuu.

(i) Sauti

Maandishi ya Kisomali ya herufi za Kilatini, yaliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, hayana p, v wala z. Hazimo kwa kuwa lugha yenyewe haina sauti hizo, na "ch" pia haimo. Ndiyo maana "pesa" hugeuka "besa", "vitu" hugeuka "fitu", "zawadi" hugeuka "sawadi", na "chai" hugeuka "shai". Katika mazungumzo si aibu, lakini kwenye karatasi ni kosa la tahajia.

Geuza udhaifu huu uwe alama, kwa kuwa jozi hizo hizo huulizwa katika mtihani. Weka vidole kooni utamke /p/ kisha /b/. Zote ni vipasuo vya midomo, ila /b/ hutetemesha koo, ni ghuna, na /p/ haitetemeshi, ni sighuna. Rudia kwa /f/ na /v/, vikwamizo vya midomo na meno, kisha /s/ na /z/, vikwamizo vya ufizi. Ukimaliza daftari la mazoezi, lipitie mara moja zaidi ukisaka herufi nne tu: p, v, z na ch.

6. Kupangia kazi na masomo nafasi

Usingoje siku ya mapumziko. Kwa mwenye duka haiji. Nusu saa baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua la Garissa halijawaka, inatosha maswali matatu ya mtihani uliopita. Jioni baada ya Isha yasahihishe, na kila kosa uliandike kwa sababu yake: "nilisahau kimilikishi", "sikukanusha upande wa pili". Baada ya mwezi utaona makosa yako ni ya aina tatu au nne zinazojirudia. Hizo ndizo za kufanyia kazi.

Tumia kazi yako kama darasa. Andika risiti, ujumbe wa simu na matangazo ya dukani kwa upatanisho kamili, hata kama mteja hajali. Soma Taifa Leo likifika mjini. Idhaa za Kiswahili na za Kisomali za BBC, ambazo zote mbili zilianza mwaka 1957, hutangaza habari zinazofanana: sikiliza habari kwanza kwa Kisomali uijue, kisha uisikilize kwa Kiswahili ukinasa ngeli.

Mwisho, panga njia. Mtihani huangukia msimu wa mvua za vuli. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Anayeishi ng'ambo ya mto atafute mapema jamaa wa kulala kwake upande wenye kituo chake cha mtihani.

7. Zoezi la kujipima

Jibu kwa dakika 15 bila kutazama majibu.

1. Andika katika wingi: "Ufunguo wa ghala la mchuuzi umepotea."
2. Andika katika udogo: "Mbwa amelala chini ya mti."
3. Kanusha: "Ukichelewa utafungiwa nje."
4. Andika katika usemi wa taarifa: "Je, umeleta kitambulisho chako leo?" karani alimuuliza Abdi.
5. Tunga sentensi ukitumia kitenzi "-pa" katika kauli ya kutendwa.
6. Eleza maana mbili: "Mbuzi na ng'ombe wakubwa wameuzwa."

Majibu

1. Funguo za maghala ya wachuuzi zimepotea.
2. Kijibwa kimelala chini ya kijiti.
3. Usipochelewa hutafungiwa nje.
4. Karani alimuuliza Abdi kama alikuwa ameleta kitambulisho chake siku hiyo.
5. Watahiniwa walipewa vijitabu vya majibu.
6. (i) Mbuzi wakubwa na ng'ombe wakubwa wameuzwa. (ii) Mbuzi wa ukubwa wowote wameuzwa, pamoja na ng'ombe wakubwa.

Ukikosea, usiandike jibu sahihi pekee. Rudi kwenye hatua nne uone ni ipi uliyoiruka, uiandike kando ya swali. Kesho asubuhi anza na hiyo.